Eti "mahema ni duka la mbele"! Yule muuza nguo za wajawazito leo kanimaliza

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, mnisamehe nikiruka herufi. Nimetoka sasa hivi kwa yule dada wa nguo za wajawazito. Simtaji. Mnamjua. Yule yule ambaye kwenye picha zake ni "mama kijacho karibu mpenzi", halafu ukifika dukani anakutazama kama umekuja kumdai. Ndiyo huyo huyo.

Kaniambia mbele za watu, kwa sauti ya mnadani: "Dada, hapa tunauza nguo. Mahema ni duka la mbele."

Mahema. Duka la mbele.

Ngoja nianze mwanzo, maana hasira zimenipanda na kliniki wamenikataza mambo ya presha. Nina wiki 27. Nguo zangu za zamani zilianza kuniaga moja moja tangu wiki ya 16. Ya mwisho kuondoka ni suruali ya kazini: kifungo kilifyatuka katikati ya kikao kikampata mtu wa mahesabu kwenye miwani. Tangu siku hiyo naishi na magauni mawili, moja mwilini, moja kwenye kamba. Mvua ikinyesha mimi siendi popote. Nikajibana mwezi mzima nikasema leo na mimi nikavae kama mtu.

Nafika, sanamu la dukani limevalishwa vizuri, lina tumbo la duara, dogo, kama bakuli limefichwa chini ya fulana. Aliyewahi kubeba mimba anajua tumbo la aina hiyo halipo duniani. Nikamwambia nataka gauni la kuvaa kazini, la pamba, maana siku hizi nahisi joto kama nimemeza jiko. Akanipa la nailoni. Nikamwambia dada hili litanichemsha. Akasema "linavutika". Linavutika! Manati nayo inavutika, mbona hatuivai?

Na futi anayo. Imening'inia shingoni, ile ya utepe ya mafundi. Hakunipima hata kidole. Mkunga wangu ananipima tumbo kwa futi kama ile ile, juzi kasoma sentimita 27, sawa na wiki zangu, akatabasamu akaandika. Huyu mwenye duka kanitupia jicho moja tu: "XXL hiyo."

Nikaingia kwenye chumba cha kujaribia, ambacho kwa taarifa yenu ni pazia na msumari. Ile XXL mabegani tungeingia mimi na mdogo wangu na nafasi ya mkoba ikabaki. Kwapa zimeshuka mpaka mbavuni. Tumboni INABANA. Kwa sababu mimba haikai mabegani jamani! Mabega yangu ni yale yale ya mwaka jana! Kachukua nguo ya mtu mwenye mwili mkubwa, akabandika karatasi "ya wajawazito", akazidisha bei mara mbili. Mbele imepanda juu ya magoti, nyuma inafagia sakafu. Zipu ikafika katikati ya mgongo ikagoma. Haiendi, hairudi, na mikono yangu haifiki. Nikigeuka, tumbo linagonga ukuta. Jasho hilo. Nikaita kwa adabu zote nilizofundishwa: "Dada samahani, hakuna iliyo kubwa kidogo?"

Na hapo ndipo. Hakugeuka hata shingo. "Dada, hapa tunauza nguo. Mahema ni duka la mbele."

Dukani kulikuwa na watu saba, niliwahesabu kupitia upenyo wa pazia. WAKACHEKA. Mmoja wao mjamzito! Tumbo lake na langu yanaweza kusalimiana, na anacheka!

Halafu zipu si imegoma? Ikabidi yeye yeye aliyenitukana aje kunivua. Kimya kimya. Mimi namtazama kwenye kioo, yeye anavuta zipu na kuhema kama anasukuma gari. Nikasema sasa ataomba radhi. Akafungua mdomo: "Angalia usiichane, ukiichana umeinunua."

Na wakati naondoka nimepita duka la mbele. Wanauza rangi za nyumba. Hata hema HAKUNA!!!

Naomba kuuliza, nguo za wajawazito zenye akili na bei ya binadamu mnazipata wapi? Nazihitaji miezi michache tu, siwaachii wajukuu urithi. Na huyu dada nimfanyeje? Mahema mimi!

Ngojangoja: Nimekaa pale kusoma maoni. Ningesema nimepiga kambi ila naona neno hilo leo lina wenyewe.

Kisu_Butu: "Hata hema hakuna" 😂😂 Kwa hiyo ulienda kuangalia? Mleta uzi sema ukweli, ulitaka kujaribu moja.

TumboMbele: Nilikuwa NAPITA.

Kisu_Butu: Ukachungulia.

TumboMbele: Lina kioo! Mtu unapita unaona!

Mama_wa_Wawili: Namjua, namjua, namjua! Mimi nilikuwa na mapacha, akaniambia nirudi nikishajifungua ndiyo nitapata saizi. Nikamuuliza sasa nikishajifungua nguo ya mimba ya nini? Akasema "ya mimba ijayo". Pole mwaya.

Bila_Picha: Uzi bila picha ya gauni likiwa limegoma ni hadithi tu.

Hakimu_wa_Mtaa: Tusikilize na upande wa pili. Huenda dada wa watu alikuelekeza kwa nia njema, akakosea duka.

TumboMbele: Wewe naomba usinisogelee leo.

Fundi_Kimya: Mimi ni fundi cherehani, niseme la kitaalamu. Mleta uzi yuko sahihi kuhusu mabega. Nguo ya mjamzito inakatwa kwa saizi yake ya zamani juu, nafasi inawekwa tumboni: marinda chini ya kifua, au kipande cha kitambaa kinachovutika pembeni. Na mbele lazima iwe ndefu kuliko nyuma, tumbo likipanda linavuta pindo. Ukiona pindo limekatwa sawa mbele na nyuma, jua hiyo si nguo ya mimba, ni nguo kubwa. Mishono ya pembeni mwambie fundi aache akiba ndani, utafumua kadiri unavyokua. Kwa wiki zako ningekushauri gauni la kupishana la kufunga kwa mkanda, hilo hata ukijifungua unanyonyeshea.

Mkia_wa_Mjusi: Fundi umeongea vizuri sana. Swali: linakuwa tayari lini?

Fundi_Kimya: Alhamisi.

Mkia_wa_Mjusi: Alhamisi ya mwaka gani?

Chozi_la_Mamba: Hahaha mafundi! Mimi fundi wangu kanikabidhi gauni la mimba mtoto anaota meno. Na kaniambia "linakukaa vizuri". Lazima likae, si lina nafasi ya mtu ambaye keshatoka!

Fundi_Kimya: Na nyinyi mseme ukweli. Mtu namchukulia vipimo leo, anapotea wiki sita, anarudi kuchukua halimpiti, ananiambia nimeiba kitambaa. Mimi napima mtu anayeota kama mmea, mnataka nifanyeje?

Chozi_la_Mamba: Nilipotea kwa sababu kila nikija ulikuwa "umetoka kidogo".

Fundi_Kimya: Siyo mimi huyo.

Chozi_la_Mamba: Wote ni wewe.

Wifi_Mtu: Mnaonunua na kushona mna bahati. Mimi nimeazima kwa wifi yangu. Kila Jumapili anapiga simu: "Lile la kijani halijambo?" Haulizwi mtoto, haulizwi mama, linaulizwa gauni. Juzi nimelimwagia chai kidogo kifuani, nimelala na doa rohoni.

Mama_wa_Wawili: Wifi_Mtu, chumvi na maji baridi haraka, kabla ya Jumapili.

Profesa_Uchwara: Mnachosahau ni historia. Kule New York, Lena Bryant alianza kushona magauni ya mimba ya kuuza kwenye miaka ya 1904 hivi, na magazeti yakakataa kumtangazia mpaka 1911, kwa sababu mimba ilionekana jambo la aibu. Mwaka 1938 Elsie Frankfurt wa Dallas akamtengenezea dada yake mjamzito sketi iliyokatwa tundu mbele ili tumbo lipate pa kukaa. Kwa hiyo mmetoka mbali.

Kisu_Butu: Kwa hiyo zaidi ya miaka 100 baadaye tumefika kwenye pazia na msumari.

TumboMbele: Na mahema. Msisahau mahema.

Kifua_Mbele: Nyie mnalia tumbo, nani atalia sidiria? Nimebadilisha saizi mara tatu. Siyo vikombe tu, hata mgongoni, maana mbavu nazo zinatanuka. Ile ya waya nimeitupa, ilikuwa inanichora mstari kama reli. Na zile za kunyonyeshea wanauza rangi mbili tu, rangi ya ngozi ya mtu ambaye simjui na nyeupe iliyokata tamaa.

Ndala_Pana: Na viatu! Miguu imevimba, navaa ndala za mume wangu. Sasa analalamika nimezitanua. Nikamwambia baba, wewe ndala zimetanuka, mimi nimetanuka nchi nzima, nani amlalamikie nani?

Kifua_Mbele: 😂😂😂

Binti_Makini: Mleta uzi, wakati unatafuta, suruali zako za zamani usizitupe. Chukua mpira wa kubania nywele, upitishe kwenye tundu la kifungo, uzungushe, ncha uirudishe kwenye kifungo. Vaa fulana ndefu juu. Nimeenda kazini hivyo mpaka mwezi wa sita. Na ukinunua, nunua chache zinazooana, maana hata ukijifungua tumbo haliondoki siku hiyo hiyo, kizazi kinachukua kama wiki 6 kurudi.

TumboMbele: Asante dada yangu, wewe peke yako ndiye umejibu swali. Ila mpira wa nywele kwa wiki 27? Utamfuata mtu wa mahesabu kwenye jicho la pili.

Hakimu_wa_Mtaa: Huyo mtu wa mahesabu naye tumsikilize.

Kitambi_Halali: Samahani naingilia. Hivi zile suruali zenye kitambaa laini cha kuvutika pale mbele, badala ya kifungo na mkanda, kwa nini ziwe za wajawazito tu? Sisi wenye vitambi tumemkosea nani? Mimba inaisha baada ya miezi 9. Hiki changu kina mwaka wa 11.

Mkia_wa_Mjusi: Mkuu umegusa penyewe. Mimi mkanda wangu umebaki tundu moja kufika mwisho wa dunia.

Bila_Picha: Mkuu, hivi ukivaa hizo mtu anajua?

Kitambi_Halali: Hajui. Nilinunua moja nikasema ni ya mke wangu. Kitambaa kinapanda mpaka hapa kwenye kitovu, shati linafunika. Nimekaa vikao vya saa tatu bila kufungua mkanda chini ya meza. Siivui. Mke wangu anajua, ananiita mama kijacho, sijali.

TumboMbele: Jamani. Uzi ni wa mahema. Nimetukanwa mimi hapa.

Mkia_wa_Mjusi: Pole dada. Mkuu Kitambi, mfuko wa nyuma inao? Mimi bila mfuko wa pochi siwezi.

Kitambi_Halali: Inayo miwili. Mbele ndiyo mifuko ya uongo, wameshona mdomo tu.

Fundi_Kimya: Hiyo naweza kukushonea na mifuko ya kweli.

Chozi_la_Mamba: Alhamisi 😂

Ngojangoja: Kitambi_Halali weka wazi, umenunua wapi?

Kitambi_Halali: Ni kwa yule yule dada mnayemsema hapa. Na mimi nashangaa mnamsema vibaya, ni mkarimu kweli. Nilimwambia ni ya mke wangu, akanitazama, akacheka kidogo, akatoa futi shingoni akanipima mwenyewe kiuno mara mbili ili nisikosee. Kaniletea na kiti.

TumboMbele: ALIKUPIMA???

Kitambi_Halali: Mara mbili.

TumboMbele: KITI???

Mkia_wa_Mjusi: Mkuu, rangi nyeusi ipo?

Kitambi_Halali: Nyeusi na bluu. Chukua nyeusi, inaficha.