ETI MATUNDA NI YA WAGONJWA!! Yule jamaa wa kantini leo kanivunjia heshima

Wakuu nimetoka kikao cha wazazi sasa hivi, naandika niko kwenye daladala mikono inatetemeka. Yule jamaa wa kantini, mnamjua, sina haja ya kumtaja.

Nilisema tu jamani pale dirishani ni soda, juisi za unga, lambalamba na chipsi za mafuta yaliyoanza kazi enzi za Nyerere, mtoto akiomba maji anaambiwa yameisha, basi tuwekeeni hata ndizi, kipande cha tikiti, mahindi ya kuchemsha. Jamaa kanyanyuka kashika kiuno, "Mama, matunda wanapelekewa wagonjwa, hapa ni shule." Ukumbi mzima kicheko! Mwalimu mkuu kacheka mpaka kalamu imemdondoka!

Wanapelekewa wagonjwa! Dar hii ambayo msimu wa embe zinaoza Buguruni hakuna wa kuzizoa! Soda moja ya mililita 350 ina sukari gramu 35 na ushee, hao WHO tangu 2015 wanasema ikiwezekana mtu mzima asizidi kama gramu 25 kwa siku nzima, wangu yuko la tatu anakunywa mbili na magego mawili yameshang'olewa. Wagonjwa si ndio anaowatengeneza yeye? Halafu kashika kiuno kabisa!

mzee_wa_kahawa: Pole dada ila nimecheka. Tikiti likilala nani analipa? Soda hailali.

Mama Wawili: Huyo huyo! Wangu alirudi ulimi wa bluu nikajua kanywa wino, kumbe lambalamba.

kitunguu_maji: Buku la kila siku unampa wewe halafu unalia huku. Mfungashie viazi vitamu.

Mleta uzi: Hujanielewa wewe! MBELE YA WAZAZI WOTE! Wagonjwa!

Fundi Juma2: Afadhali nyie mnagombania tikiti, sisi kila muhula rimu mbili kila mtoto na mtihani bado wanaandikiwa ubaoni, hizo karatasi wanakula?

Mama Wawili: Rimu tena usiniguse, na mifagio!

mzee_wa_kahawa: Rimu kitu gani, basi la shule linampitia mtoto saa 11 alfajiri.

kitunguu_maji: Saa 11 mnalalamika? Wangu saa 10 na nusu, siku hizi analala na soksi.