Mjadala: Je, hesabu zinazolinda faragha yetu zifanywe ziwe na faida nyingine?

Mleta mada (Morogoro)

Wakuu, hoja hii nimekaa nayo muda mrefu. Naomba tuijadili kwa utulivu.

Wengi wakisikia "uthibitisho wa kazi", yaani kompyuta kutakiwa ipige hesabu ngumu kabla ya kuhudumiwa, wanawaza Bitcoin na mashine zinazonguruma usiku kucha. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Bitcoin. Mwaka 1992 Cynthia Dwork na Moni Naor walipendekeza kwamba kabla barua pepe haijapokelewa, kompyuta ya mtumaji ipige kwanza hesabu kidogo. Mwenye barua moja hatasikia uzito wowote, mwenye barua taka milioni moja atausikia. Mwaka 1997 Adam Back akatengeneza Hashcash kwa lengo hilohilo, na Bitcoin ikaja baadaye kukitumia chombo ambacho tayari kilikuwapo.

Tangu Agosti 2023 chombo hicho kimo ndani ya Tor, mtandao unaoficha anwani za watumiaji wake. Huduma za onion, yaani tovuti zilizofichwa ndani ya Tor, haziijui anwani ya mgeni wala mgeni haijui anwani ya seva, na hapo ndipo faragha ilipo. Mfumo wa SecureDrop, ambao magazeti makubwa duniani hupokelea nyaraka za watoa siri, umejengwa juu ya huduma hizo. Tatizo ni kwamba anayetaka kuiangusha huduma kwa kuifurika maombi naye hajulikani. Huwezi kumzuia kwa anwani yake kwa sababu huioni. Ndiyo maana toleo la 0.4.8 la Tor likaja na fumbo. Siku za amani hakuna anayedaiwa kitu. Shambulio likianza, mgeni anapewa hesabu. Mwanzoni huchukua kama milisekunde 5 kwenye kompyuta yenye kasi na hadi 30 kwenye mashine ya taratibu, na shambulio likikolea inaweza kufika karibu dakika moja. Aliyetoa jasho zaidi anatangulia kwenye foleni.

Sasa kuna wanaosema jasho hilo linamwagika bure. Wanataka kompyuta ikikokotoa, ikokotoe kitu cha maana, kama protini za magonjwa, namba tasa au hali ya hewa. Mimi napinga. Kwenye zana za faragha, fumbo lisiwe na faida kwa mtu mwingine yeyote, na hilo lisichukuliwe kama kasoro inayosubiri fundi.

Nina sababu iliyonikuta mwenyewe. Mwaka 2018 nilikuwa nasimamia intaneti kafe hapa mjini. Siku moja mashine nne zilianza kupiga feni kama zinataka kuruka, wateja wanalalamika kurasa hazifunguki, na LUKU inaisha mbio. Nilidhani ni virusi. Kumbe ni tovuti moja tu ya kutazama mpira, ilikuwa na msimbo wa kuchimba Monero, sarafu ya kidijitali, ndani ya kivinjari cha mtazamaji. Msimbo wa aina hiyo ulisambaa sana kupitia Coinhive, huduma iliyoanza Septemba 2017 ikiahidi kitu kilichosikika vizuri: wenye tovuti waachane na matangazo, mgeni alipe kwa nguvu ya kompyuta yake. Haukupita muda wahalifu wakaanza kuupachika kwenye tovuti za watu wengine. Februari 2018 hata tovuti za serikali ya Uingereza zilikutwa nao, umeingia kupitia programu ya kuwasomea kwa sauti watu wenye shida ya kuona. Coinhive ilifungwa Machi 2019.

Tazameni kilichotokea pale. Hesabu ilipopata bei, mwenye mlango akawa na sababu ya kumzuia mgeni mlangoni muda mrefu zaidi. Fumbo la Tor halimlipi mwenye huduma hata senti, kwa hiyo hana sababu ya kusingizia shambulio ili alikaze. Lipeni fumbo hilo thamani, muone kama kutabaki siku za amani.

Nawasilisha. Anayenipinga anipinge kwa hoja.

Mchangiaji (Nairobi)

Ndugu yangu, pole kwa yaliyokupata kafeni, lakini unamhukumu mganga kwa makosa ya mwizi. Coinhive ilikuwa hesabu ya pesa za mtu binafsi. Hapa tunaongelea manufaa ya umma. Mwaka 2020, korona ilipoingia, watu wa kawaida waliipa Folding@home, mradi wa sayansi unaoazima kompyuta za watu, kompyuta zao mpaka nguvu yake ya pamoja ikavuka eksaflopu moja (hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde), wakichunguza protini za kirusi kile. Hakuna aliyelazimishwa. Sasa kama simu yangu itatoa jasho la dakika moja mlangoni kwa Tor, kwa nini jasho hilo lisimfae mgonjwa?

Na tusiende mbali, tuangalie Virunga. Hifadhi ile ya mashariki mwa Kongo ilianza kuchimba Bitcoin mwaka 2020 kwa umeme wa maji wa Luviro, kipindi ambacho watalii walikuwa wamekauka. Fedha zile zimesaidia kuwalipa askari wanaolinda sokwe. Hesabu ileile mnayoiita ya bure imelisha watu.

Mleta mada (Morogoro)

Asante ndugu, hapo umegusa penyewe. Nianze na Virunga. Nauheshimu sana mradi ule, na askari wale wanakufa kazini. Lakini chenye manufaa pale ni maji yanayoshuka mlimani na umeme ambao haukuwa na mnunuzi wa karibu. Hesabu yenyewe ni ileile ya SHA-256, kanuni ya kuchimbia Bitcoin, inayopigwa popote duniani, haijatibu mtu wala haijatabiri mvua. Tusichanganye umeme uliopata soko na hesabu iliyopata maana.

Folding@home nayo tuitazame kwa karibu. Fumbo la mlangoni lina masharti yake. Liwe gumu kulifumbua na jepesi kulihakiki, kama kufuli ya namba: kuijaribu namba baada ya namba ni kazi ya mchana kutwa, kuhakikisha ni kazi ya sekunde. Lipimike, ukitaka kulikaza mara mbili ulikaze mara mbili kamili. Lifungamane na mlango huu na saa hii, mtu asije na majibu aliyolimbikiza tangu juzi. Na yeyote aweze kulitunga bila kumwomba mtu ruhusa.

Protini zinashindwa karibu kila sharti hapo. Utahakikije mara moja kwamba kompyuta ya mtu usiyemjua imekokotoa kweli? SETI@home, iliyotafuta ishara za viumbe wa angani kuanzia 1999 hadi 2020, ililisumbukia jambo hili. Walikuwapo watu waliodanganya matokeo ili wapande kwenye orodha ya washiriki, na pale hapakuwa na tuzo ya pesa. Dawa yao ilikuwa kuipeleka kazi moja kwa kompyuta zaidi ya moja na kulinganisha majibu. Mlangoni pa Tor huna muda wa kumsubiri mgeni wa pili aje kumthibitisha wa kwanza, na hao wawili wanaweza kuwa mtu mmoja.

Kubwa zaidi ni hili: kazi ya sayansi lazima igawiwe na mtu. Kuna seva inayojua kipande kipi kimefanywa na kipi bado. Gridcoin, sarafu ya kidijitali iliyoanza 2013 ikiwatuza wanaochangia miradi ya BOINC (jukwaa la kuchangia kompyuta kwa sayansi), mpaka leo inategemea seva za miradi hiyo kusema nani amefanya nini. Kwa sarafu huenda mtu akavumilia. Lakini sisi tumejenga mtandao mzima kukwepa mtu wa katikati, halafu tumrudishe kwa mlango wa nyuma amevaa koti la daktari? Anayegawa kazi anaona nani ameiomba na saa ngapi.

Jaribio ninalolikubali ni sarafu ya Primecoin ya 2013. Ilitafuta minyororo ya Cunningham, yaani namba tasa zinazofuatana kwa mpangilio maalumu, na hazikuhitaji mgawaji. Ilifanikiwa kwa sababu ilichagua kitu ambacho hakuna mfanyabiashara anayekililia, na hapo ndipo hoja yangu inapokaa. Kadiri hesabu inavyokuwa na mnunuzi, ndivyo mshambuliaji naye anavyolipwa akishambulia. Mtu anayetaka kuizima tovuti ya mwandishi wa habari leo anaunguza umeme wake bila kurudishiwa chochote. Kwa utaratibu wako atauza majibu yake na kurudisha gharama.

Mchangiaji (Mwanza)

Kaka, nimesoma yote, na wewe na huyo wa Nairobi mnaongea kama watu wenye laptop. Mimi nafundisha wasichana kutumia zana hizi, na wengi wana simu za bei nafuu zilizopasuka kioo. Fumbo la dakika moja kwao ni betri inayoisha na ukurasa unaoonekana umekufa. Mshambuliaji ana seva, au ana maelfu ya kompyuta alizoziteka za watu wengine. Mwaka 2004 Ben Laurie na Richard Clayton walipiga mahesabu ya barua taka wakaonyesha kwamba ugumu wa kumzuia mtuma taka ungewaumiza pia watumaji wengi wa halali. Kwa nini tusitumie tiketi za siri, zile saini za upofu alizobuni David Chaum mwanzoni mwa miaka ya 1980? Unapewa tiketi leo, unaitumia kesho, na aliyekupa hawezi kujua ni yako.

Mleta mada (Morogoro)

Dada, hapo umenibana kwa haki, na sitajifanya sijabanwa. Nijibu ninachoweza. Fumbo la Tor, linaloitwa EquiX, limeundwa kwa ajili ya CPU za kawaida, yaani vichakato vya kompyuta zetu, mashine maalumu zisipate faida kubwa juu yake. Tena ni foleni, si geti: asiyeleta jibu hafukuzwi, anawekwa nyuma. Hata hivyo siku ya shambulio kubwa, nyuma ni nyuma, na wasichana wako ndio watakaokuwa huko.

Tiketi za Chaum nazipenda kwa hesabu zake. Kinachonitia hofu ni dirisha la kuzichukulia. Tiketi ya kwanza utampa nani, kwa kigezo gani? Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliwataka wanaotumia VPN (programu ya kuficha anwani yako mtandaoni) watoe taarifa zao, anwani ya IP ikiwamo, kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Nchi ikiwa na tabia hiyo, mgawaji wa tiketi akikaa mahali panapojulikana ataandikiwa barua kama hiyo wiki ya kwanza. Wakiwapo wagawaji kumi katika nchi kumi, mtu akachagua mmoja mwenyewe, niko tayari kubadili msimamo. Fumbo libaki kwa asiye na tiketi, na libaki vilevile, lisilo na mnunuzi.

Kwa wenye huduma za onion mnaosoma hapa: ulinzi huu hauwaki wenyewe. Ni mwenye huduma anayeuwasha kwenye mipangilio ya Tor. Nimekutana na wawili mwaka huu waliodhani wanao, na hawakuwa nao.