Naomba ushauri: mafua ya ndege na kinga inayomgeuka mgonjwa
Habari zenu wakuu. Nasomea uuguzi na nimepangiwa kuwasilisha darasani mada ya mafua ya ndege, H5N1. Historia hainisumbui: Hong Kong 1997, watu 18 waliugua, 6 wakafariki. Kinachonitoa jasho ni kinga ya mwili. Virusi hivi hushambulia chini kabisa ya mapafu, kwenye vifuko vya hewa. Kinga hujibu kwa kumwaga saitokini (kemikali ambazo seli za kinga hutumia kupeana ishara) kupita kiasi, vifuko vinajaa majimaji, oksijeni inashuka. Wakati huohuo ukipima damu unakuta limfosaiti (aina ya seli nyeupe za kinga) zimepungua sana. Yaani kelele nyingi, askari wachache!

Sasa, kama kinga yenyewe ndiyo inayoumiza mapafu, mbona steroidi (dawa za kutuliza kinga) hazishauriwi kwa mafua makali? Najua zinaweza kuchelewesha mwili kuondoa virusi na kufungua mlango kwa bakteria, na kwamba oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya mafua, inatakiwa ianze mapema bila kusubiri majibu ya maabara. Lakini kwa UVIKO-19 deksamethasoni, ambayo ni steroidi, iliwasaidia waliohitaji oksijeni, na mwalimu wetu lazima anibane hapo hapo. Mliozoea kuhudumia wagonjwa mahututi, mngemjibuje? Mwenye mchoro rahisi wa ubaoni pia asininyime.