Wadowice, kwao Papa Yohane Paulo wa Pili: nimwone nani, nione nini?

KijanaWaUmoja:
Habari zenu wadau. Mwezi ujao natumwa Kraków, Poland, kikazi kwa wiki mbili. Shosho wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa Uhuru Park, Nairobi, tarehe 18 Agosti 1985, Papa alipofunga Kongamano la Ekaristi la Wakatoliki. Picha aliyoikata gazetini bado imebandikwa kwenye kabati lake la vyombo. Kusikia safari akaniambia, "Basi unisalimie kwao." Kwao ni Wadowice. Ni mbali? Halafu nimesoma kwamba baba yake alikuwa askari wa Austria. Sasa hao ni Wapolandi au Waaustria?

MamaTeri_SouthB:
Kijana, enda. Nilisoma Kraków miaka mitatu na Wadowice nimefika mara nne. Ni kilomita 50 hivi, zaidi kidogo ya katikati ya Nairobi hadi Thika. Mji wenyewe ni mdogo, watu hawafiki 20,000. Mto Skawa unapita kando yake ukielekea Wisła, mto mkubwa wa Poland, na kusini kuna milima ya Beskid. Kilele wanachopenda kupanda, Leskowiec, kina mita 922, kwa hiyo sisi wa Nairobi tunalala juu kukiliko!

Kuhusu Austria: mwaka 1772 majirani walianza kuimega Poland, na Wadowice ikaangukia Austria. Poland ilirudi kuwa nchi 1918. Baba mtu alianzia jeshi la Austria, akaingia la Poland. Karol, ndiye Papa wetu, alizaliwa 18 Mei 1920, kwa hiyo alizaliwa Poland huru. Wao ni Wapolandi tangu mwanzo.

Nyumba yao iko ubavuni mwa kanisa, kichochoro tu kinazitenganisha. Simama dirishani utazame ukutani mwa kanisa: kuna saa ya jua, na maneno yanayosema wakati unakimbia, umilele unangoja. Mama yake alifariki 1929, kaka yake 1932. Yule mtoto akabaki na baba, na saa ile ukutani kila asubuhi. Mimi nililia pale, sikujali watalii.

Ila nakuomba usiishie hapo. Mwenye nyumba ile alikuwa Myahudi, na darasani Karol alisoma na Wayahudi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani walibomoa sinagogi lao, nyumba yao ya ibada, wakawafungia geto, yaani mtaa wa Wayahudi peke yao, na Agosti 1943 wakawapeleka waliobaki Auschwitz, kambi ya mauaji, mwendo wa kilomita 30 tu. Uliza sinagogi lilikuwa wapi, uende usimame kimya. Ukiwaacha hao, hujaijua Wadowice.

Otis_Kawangware:
Na usitoke bila kula kremówka. Ni keki ya tabaka nyembamba zinazovunjika mdomoni, katikati kastadi nzito. Papa mwenyewe aliwakumbusha wenyeji 1999 jinsi walivyokuwa wakizila baada ya mtihani wa mwisho wa shule. Tangu hapo kila mkahawa unaziuza.

KijanaWaUmoja:
Asanteni sana. MamaTeri, nimemsomea shosho ujumbe wako, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza hao Wayahudi waliombewa wapi. Nitaenda pale. Anataka pia maji ya Skawa kwenye chupa. Inawezekana?

MamaTeri_SouthB:
Inawezekana. Chota yanapopita kwenye mawe, chupa ndogo, uifunge kwa karatasi ya nailoni mara mbili. Iweke kwenye sanduku la kupakiwa chini, si mkoba wa mkononi, wanaweza kukunyang'anya pale ukaguzini. Na umwambie shosho asiyanywe.