Kumfunza mbwa wa nyumbani kwa upole: kambi, mwalimu wa kuja nyumbani, au kujifundishia wenyewe?

MkaziSalasala

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Tunafuga mbwa jike anayekaribia mwaka mmoja, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji. Mchana hukaa bandani, na jioni kijana wetu wa getini humfungulia azunguke uani hadi alfajiri. Tatizo lake ni bodaboda: ikipita barabarani, na zaidi ikisimama getini kuleta mzigo, hujirusha kwenye nondo za geti akibweka mpaka sauti inamkauka. Juzi tena amemngurumia mtoto wa jirani aliyemwinamia kumpapasa kichwa wakati anakula.

Nimependekezewa njia tatu. Ya kwanza ni kambi ya mafunzo ambako atakaa wiki kadhaa, na wenyewe wananiahidi kwamba atarudi mtiifu kama askari. Ya pili ni mwalimu anayekuja nyumbani mara moja kwa wiki. Ya tatu ni kumfundisha sisi wenyewe kwa kumpa vitu vya kula kila anapofanya vizuri. Sipendi apigwe, lakini pia sitaki nibaki na mbwa anayemkaribisha mwizi. Ninyi mngechagua ipi, na kwa sababu gani?

TabibuMifugoMstaafu

Kabla ya kulinganisha njia, naomba utenganishe mambo mawili uliyoyatia kapu moja. Ghasia za getini na kunguruma juu ya bakuli la chakula hazitoki katika hisia ileile, kwa hiyo dawa yake haiwezi kuwa moja. Kwenye chakula mbwa wako ana hofu ya kunyang'anywa. Kwenye geti kuna mchanganyiko wa hofu, hamaki ya kuzuiwa na nondo, na jambo jingine ambalo wengi hatulioni: bodaboda hupita na kwenda zake, naye huamini kuwa ni yeye aliyeifukuza. Kila inayopita humwachia ushindi, na ushindi huo ndio unaomfundisha kubweka zaidi kesho.

Kuhusu yule mtoto, mbwa hafiki kwenye kunguruma ghafla. Huwa ameshasema kwa mwili mara kadhaa: hulamba pua ilhali hajatafuna kitu, hupiga miayo ilhali hana usingizi, hugeuza kichwa pembeni huku jicho likimfuata mtu kiasi kwamba weupe wake unajitokeza kama mwezi mchanga. Akiwa kwenye bakuli, dalili ya kuiangalia zaidi ni moja: huacha kutafuna na mwili wote hukakamaa, mdomo ukiwa bado umeinamia chakula. Hapo mtu anatakiwa arudi nyuma, si amsogelee kumbembeleza. Na mkia ukitikisika msidhani ni furaha, kwani mkia ulioinuliwa juu, mgumu, unaotikiswa kwa kasi ndogo ndogo, ni wa mbwa aliyejiandaa.

Tafadhali msimwadhibu kwa kunguruma. Anayepigwa kwa sababu hiyo hujifunza kunyamaza, hajifunzi kutoogopa, na siku nyingine atauma bila taarifa. Kwa sasa mpeni chakula bandani, mlango ukiwa umefungwa, na watoto wasimkaribie mpaka amalize. Mkague pia masikio na katikati ya vidole, maana kupe na vidonda vya masikioni humfanya mbwa mpole awe mkali kwa maumivu tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo iwe haijapitwa na wakati, kwa sababu chanjo hiyo hurudiwa. Akimjeruhi mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

MzeeTabata

Kwa heshima zote, naona mnamdekeza mbwa. Sisi tulikua na mbwa walioijua fimbo, na wezi nao waliwajua mbwa hao. Asili ya mbwa ni mbwamwitu, na kundi la mbwamwitu lina jemadari mmoja anayewatiisha wengine, kwa hiyo usipokuwa wewe jemadari, atakuwa yeye. Tena mbwa hulijua kosa lake. Rudi nyumbani ukute kiatu kimetafunwa, utamwona amelaza masikio na kukukwepa macho. Kama hajui alilotenda, haya hizo anazionea nini? Mimi ningempeleka kambini bila kusita.

MsomajiUbungo

Shikamoo mzee wangu. Hoja zako zote mbili zilikwisha kuchunguzwa, na inafaa MkaziSalasala ajue yaliyoonekana kabla hajatoa fedha yake.

Habari ya jemadari ilienezwa na mtafiti Rudolf Schenkel mwaka 1947, aliyechunguza mbwamwitu waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Mtafiti mwenzake David Mech wa Marekani, ambaye mwanzoni aliipokea na kuieneza kwenye maandishi yake, baadaye aliwafuatilia mbwamwitu huru kwa miaka mingi katika kisiwa cha Ellesmere huko Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida ni baba, mama na watoto wao, wanaoongozwa kama familia yoyote inavyoongozwa. Ule ugomvi wa madaraka ulikuwa wa wageni waliowekwa zizi moja bila pa kukimbilia.

Kuhusu haya za mbwa, mtafiti wa tabia za mbwa Alexandra Horowitz alifanya jaribio mwaka 2009 ambamo mwenye mbwa aliambiwa kwamba mbwa wake amekula kitu alichokatazwa, wakati mwingine kwa kweli na wakati mwingine kwa uongo. Sura ya majuto ilitokea zaidi pale mwenyewe alipokaripia, iwe mbwa amekosa au hajakosa. Anasoma uso wako na sauti yako, mzee, hakumbuki kiatu.

Kuna pia utafiti uliotolewa mwaka 2020 juu ya mbwa 92 wa shule za mafunzo nchini Ureno. Waliofundishwa kwa kuvutwa shingo na kukaripiwa walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, zikiwemo hizo alizozitaja Tabibu za kulamba midomo na kupiga miayo, na mate yao baada ya somo yalikuwa na homoni ya msongo iliyopanda kuliko ya wenzao waliofundishwa kwa zawadi.

Hata hivyo, hatuna haja ya kwenda Ureno. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, na somo lao lote ni mlio mdogo wa kidude cha kubofya unaofuatwa na kipande cha ndizi au karanga. Panya mmoja wa Tanzania aitwaye Magawa alifundishwa hivyo, akaenda Kambodia kunusa mabomu, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la tiba ya wanyama. Sijui ni fimbo gani ingemfanya panya akuonyeshe bomu.

MfugajiKigamboni

Mimi nizungumzie kambi na mwalimu, kwa kuwa hapo ndipo fedha inapotoka. Udhaifu mkubwa wa kambi, hata ikiwa nzuri, ni kwamba mbwa hufundishwa na mtu mmoja, mahali pamoja, kisha anarudishwa kwa watu wengine kwenye geti lilelile lenye bodaboda zilezile. Mbwa hahamishi somo kirahisi kutoka mahali hadi mahali. Aliyejifunza kukaa chini kwenye uwanja wa kambi anaweza asijue kabisa kwamba neno hilo lina maana ileile akiwa Salasala. Wapo pia wanaorudi kimya, familia ikafurahi kwamba ametulia, kumbe amekata tamaa tu: hachezi, hanusi, hujibanza ukutani mtu akiinua mkono kujikuna. Huo si utii ninaoutaka nyumbani kwangu.

Ukiamua kambi hata hivyo, omba kumtembelea bila kutoa taarifa na utazame somo mwanzo hadi mwisho. Uliza hasa wanafanya nini mbwa akikosea. Wakikujibu kwamba hiyo ni siri ya kazi yao, mchukue mbwa wako uondoke. Mkanda wa umeme, ule wa shingoni unaompiga mbwa shoti, ukiuona umetundikwa mahali, usiulize tena kitu. Wales iliupiga marufuku tangu mwaka 2010, na sioni kwa nini sisi tuuonee fahari.

Mwalimu wa kuja nyumbani ana faida moja inayozidi nyingine zote, nayo ni kwamba anawafundisha watu. Ila angalia: katika nyumba nyingi za mji huu anayekaa na mbwa si baba wala mama mwenye nyumba, ni kijana wa getini. Mwalimu akija saa ambayo kijana huyo yuko dukani au amelala baada ya lindo, mmelipa bure. Awepo yeye, ashike kamba yeye, na kama anamtishia mbwa kwa fagio usiku ili anyamaze, jambo hilo lizungumzwe naye kwa adabu siku hiyohiyo.

DadaWaMbezi

Naunga mkono, na naongeza namna sisi tulivyolishughulikia geti. Tulifunga turubai sehemu ya chini ya nondo, mbwa asione barabara. Kisha dagaa wa kukaushwa juani, wasio na chumvi, tukawakata vipande vidogo na kuviweka kwenye kopo karibu na kiti cha mlinzi. Mbwa anakuwa kwenye kamba, amevishwa mshipi wa kifuani badala ya wa shingoni, mbali na geti kiasi kwamba anausikia mlio wa pikipiki lakini bado anaweza kula. Mlio unaanza, dagaa anatoka. Mlio unaisha, dagaa anakoma. Mpangilio huo usigeuzwe, kwa maana ukitangulia dagaa kabla ya mlio, utamfundisha kuliogopa kopo. Akikataa kula, mko karibu mno, rudini nyuma bila kumlaumu. Siku utakapoona mlio unaanza naye anageuka kumtazama mlinzi, ujue hisia yake imeanza kubadilika, na hapo ndipo mnasogea hatua moja.

Fanyeni alfajiri au magharibi. Mchana sakafu ya uani huunguza nyayo, na mbwa anayehema kwa joto hajifunzi kitu. Msitumie mabaki yenye kitunguu wala chokoleti, ni sumu kwake.

MkaaziMagomeni

Nikumbushe na upande wa majirani. Wengi wetu ni Waislamu, na mate ya mbwa yanatulazimu kuosha nguo kabla ya sala. Nyumba ambayo mbwa amefundishwa kwenda kukaa kwenye mkeka wake mgeni anapobisha hodi, tunaingia kwa amani. Kati ya masomo yote mnayoyataja, mimi ningeanza na hilo.

MkaziSalasala

Nawashukuru sana. Limebaki la ulinzi: akizoea kupewa dagaa pikipiki ikilia, nani atabweka usiku?

TabibuMifugoMstaafu

Atabweka, usiwe na wasiwasi. Mbwa hutofautisha mlio wa kila siku na nyayo za mtu kando ya ukuta saa nane za usiku. Mbwa mwenye hofu humbwekea kila mtu, na mlinzi anayesikia kelele usiku kucha huacha kuamka. Mfundisheni neno la kusitisha, kwa mfano "inatosha", mkimpa zawadi anaponyamaza na kurudi kwenu. Hapo sauti yake itakuwa na maana.

MkaziSalasala

Basi nimeamua kuchanganya ya pili na ya tatu: mwalimu wa kuja nyumbani, na mazoezi ya dagaa kila siku baina ya somo na somo. Kambi nimeiacha. Nilipowaomba nikatazame somo walinijibu kwamba wageni humvuruga mbwa. Turubai nitalifunga kesho. Mwalimu atakuja Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kijana wa getini nimembadilishia zamu ili awepo.