Tupeane uzoefu: Filamu za kutisha zilizokatwa au kupigwa marufuku, kilichoziponza ni nini hasa?

Kipande_Kilichobaki

Wakuu, salaam. Kila zikitajwa filamu za kutisha zilizovuka mpaka, mtu hutupia "hiyo imepigwa marufuku dunia nzima" na mazungumzo yanafia hapo. Dunia nzima haina bodi moja. Kuna bodi fulani, mwaka fulani, kifungu fulani, na mara nyingi sekunde unazoweza kuzihesabu. Anayeijua kesi moja kwa undani ailete. Nani aliogopa na nani hakulala, tuache leo.

Nafungua na The Human Centipede. Sehemu ya kwanza ilipita Uingereza mwaka 2010 kwa daraja la 18 bila kukatwa, ingawa wazo lake ni lile lile la watu watatu kushonwa pamoja. Ya pili BBFC, bodi ya Uingereza ya kuainisha filamu, iliikataa Juni 2011, na haikutoa hata orodha ya kupunguza. Wengi wanadhani ni kwa sababu ya damu. Hapana. Mhusika mkuu wa ya pili anapata ashiki kwa kutesa, na filamu nzima inamfuata yeye, kwa hiyo bodi iliona kupunguza hapa na pale hakutaondoa tatizo. Msambazaji akakata rufaa, kisha akaleta toleo lililokatwa. Oktoba likapita: mikato 32, jumla dakika 2 na sekunde 37.

Na hili watu hulikosea sana: BBFC haishiki mkasi. Inaandika orodha ya kinachotakiwa kutoka, msambazaji anakata mwenyewe kwa gharama yake, kisha anarudisha kazi ikaguliwe upya. Ada ya ukaguzi inahesabiwa kwa dakika za filamu. Msambazaji mdogo akikataliwa mara moja, mara nyingi huona heri aachane nayo.

Bwana_Vifungu

Asante mkuu kwa kufungua. Niongezee upande wa sheria, maana bila huo mtu hataelewa kwa nini filamu moja inaonyeshwa ukumbini lakini haiuzwi dukani.

Uingereza ina njia mbili tofauti kabisa. Ukumbi wa sinema unapewa leseni na halmashauri ya eneo, chini ya utaratibu ulioanzia sheria ya mwaka 1909. Sheria ile ilihusu moto: filamu za naitreti zilikuwa zinawaka na kuua watu. Halmashauri zikaitumia leseni hiyo kuamua hata kinachoonyeshwa, ndipo wenye filamu wakaunda BBFC mwaka 1912 wapate sauti moja badala ya kubishana na kila mji. Hadi leo cheti cha BBFC ukumbini ni ushauri kwa halmashauri, nayo ina haki ya kuupuuza.

Mfano wazi ni The Texas Chain Saw Massacre ya 1974. BBFC iliikataa mwaka 1975, lakini baraza la London wakati huo, GLC, liliipa X, daraja la watu wazima tu, ionyeshwe kwenye eneo lake. Hoja ya bodi ilikuwa kwamba hakuna cha kukata, kwa sababu damu yenyewe ni kidogo mno. Kinachotisha ni hali nzima: kelele, joto, mwanamke anayekimbia bila kupumzika. Ukiondoa dakika tano, kitisho kinabaki pale pale. Ilipita nzima mwaka 1999.

Video ni habari nyingine. Chini ya sheria ya 1984 cheti ni lazima. Kuuza au kukodisha kanda isiyo na cheti ni jinai, na kifungo kinaweza kufika miaka 2. Sheria hiyo ilikuja baada ya orodha maarufu ya mwendesha mashtaka mkuu, ya video alizoona zinastahili kushtakiwa. Filamu 72 zilipita kwenye orodha hiyo kwa nyakati tofauti, na 39 kati yake mahakama ziliziona chafu chini ya sheria ya machapisho machafu ya 1959. Kipimo cha 1959 ni kigumu kukishika: je, kazi hii inaelekea kumpotosha na kumharibu anayeweza kuitazama? Polisi wa mji mmoja wanabeba kanda fulani, mji jirani inaendelea kukodishwa. Mwenye duka hakuwa na namna ya kujua kabla ya kushtakiwa.

Mwaka 1994 kikaongezwa kifungu kinachoitaka bodi iangalie madhara kwa mtazamaji, au kwa jamii kupitia mwenendo wa mtazamaji, na kinataja mambo kwa majina: uhalifu, dawa za kulevya, ukatili, matukio ya kuogofya, ngono. Ukisoma uamuzi wowote wa kukataa video tangu hapo, utaona maneno ya kifungu hicho yamejirudia.

MezaYaUhariri

Naona sekunde zinatajwa sana, basi niseme jinsi ya kuzipima. Wengi wanalinganisha muda wa toleo moja na jingine, wanaona pengo la dakika tatu nne, wanatangaza kwamba filamu imekatwa. Mara nyingi haijakatwa kabisa.

Sinema inakwenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Televisheni na DVD za mfumo wa PAL, uliotumika Ulaya na kwingineko, zinakwenda kwa fremu 25. Filamu ile ile ikihamishiwa PAL inakimbia kwa asilimia 4: ya dakika 100 inaisha kwa dakika 96, na sauti za watu zinapanda kidogo. Kwa hiyo kabla hujasema lolote, zidisha muda wa sinema kwa 0.96. Filamu ya dakika 85 itakuwa dakika 81 na sekunde 36 kwenye PAL bila kupoteza fremu. Blu-ray kwa kawaida inabaki fremu 24, basi hapo linganisha moja kwa moja. Angalia pia nembo za makampuni mwanzoni na majina mwishoni; tofauti ya sekunde 30 huwa ni hizo tu.

Enzi za filamu ya milimita 35, kila futi ilikuwa na fremu 16, dakika moja ni futi 90. Hizo dakika 2 na sekunde 37 za Kipande ni karibu futi 235 za kanda. Ugumu ulikuwa kwenye sauti: mstari wa sauti kwenye kanda unatangulia picha yake kwa fremu 20 hivi, kwa sababu kisoma sauti cha mashine kiko chini ya lenzi. Ukikata picha moja kwa moja, unaondoka na sauti ya tukio linalofuata na kuacha ya lile ulilolitoa. Ndiyo maana nakala za zamani zilizokatwa zina mruko wa muziki au mlio mfupi wa "tap" kwenye kiungo. Ukisikia muziki umeruka katikati ya noti wakati kisu kinashuka, hapo pamekatwa.

Siku hizi sauti hupangwa upya, kwa hiyo sikio halitakusaidia. Tafuta uso. Kisu kinapanda, kisha uso wa mtazamaji wa tukio umekaa muda mrefu kuliko inavyostahili, kisha maiti. Uso huo umewekwa kuziba pengo.

Dada_Riili

MezaYaUhariri, swali: kuna njia ya kulainisha bila kukata hata sekunde?

MezaYaUhariri

Ipo, dada. Kupunguza rangi. Pambano la mwisho la Taxi Driver, 1976, lilififishwa rangi ili damu isiwe nyekundu sana na filamu ipate R Marekani, daraja ambalo aliye chini ya miaka 17 huingia na mtu mzima. Kill Bill ya kwanza ilifanya zaidi: sehemu kubwa ya pambano la mgahawani iko nyeusi na nyeupe kwenye toleo la Marekani, lakini Japani ilitoka na rangi. Kwa kesi hizi kupima muda peke yake hakutakuambia kitu.

Nakala_ya_Mwisho

Ujerumani lazima itajwe, kwa sababu "marufuku" ya kule ina ngazi, na watu wanazichanganya.

Ngazi ya kwanza ni FSK, chombo cha kuainisha filamu kwa umri, kukataa kuweka alama ya umri. Ya pili ni kuingizwa kwenye orodha ya kazi zinazodhuru vijana: mtu mzima anaruhusiwa kununua, ila duka haliruhusiwi kuitangaza wala kuiweka mbele ya macho ya watoto. Jina linatoka lenyewe baada ya miaka 25 lisipoingizwa tena. Ya tatu ndiyo nzito: mahakama inaamuru nakala zikamatwe chini ya kifungu cha 131 cha sheria ya jinai, kinachohusu kutukuza ukatili au kuuonyesha kwa namna inayovunja utu. Hapo hata mtu mzima hauziwi. Kuwa na nakala yako nyumbani si kosa.

Kesi ya kusoma ni The Evil Dead, ambayo huko iliitwa Tanz der Teufel. Nakala zilikamatwa miaka ya 1980. Msambazaji akapanda hadi Mahakama ya Katiba, ikatoa uamuzi Oktoba 1992. Kifungu cha 131 wakati huo kilizungumzia ukatili dhidi ya "watu". Filamu ile kwa sehemu kubwa inakatakata viumbe waliokwisha kupagawa na mapepo. Je, zombi ni mtu? Mahakama ikasema hapana: sheria ya jinai haiwezi kunyooshwa mpaka imkamate aliyeonyesha ukatili kwa kiumbe kisicho mtu, kwa maana raia lazima ajue mapema kosa ni lipi. Napenda sana hoja hiyo. Mahakama haikuisifia filamu wala haikuidharau, ilishika neno la sheria tu.

Bunge nalo halikulala. Mwaka 2004 kifungu kikabadilishwa na kuongezewa "viumbe vinavyofanana na watu". Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Ujerumani zombi wana ulinzi wa kisheria, anazungumzia maneno hayo. The Evil Dead yenyewe iliondolewa vikwazo katika miaka ya 2010 na sasa inapatikana nzima.

Linganisha na Braindead ya 1992. Damu yake haipimiki kwa ndoo, na mashine ya kukatia majani inatumika kama panga. Uingereza ikaipitisha nzima kwa 18, kwa kuwa kila mtu anaona ni vichekesho. Ujerumani nakala zake zikakamatwa. Marekani lilitoka toleo la R la dakika 85 tu, dakika 12 pungufu ya lile lisilo na daraja.

Usiku_Mrefu

Wanyama hawajatajwa, na hapo ndipo bodi ya Uingereza haina hiari. Sheria ya 1937 inakataza kuonyesha ukumbini tukio lililotengenezwa kwa kumtesa mnyama kikatili, na BBFC inaifuata hata kwa video.

Cannibal Holocaust, 1980, inatajwa kwa sababu mwongozaji wake, Ruggero Deodato, alishtakiwa Italia na ikabidi awalete waigizaji kuthibitisha kwamba wako hai. Watu walikuwa hai. Wanyama walikufa kweli mbele ya kamera, na hakuna sanaa inayofuta jambo hilo. Mwaka 2001 Uingereza ilipita ikiwa imepungua dakika 5 na sekunde 44. Mwaka 2011 vitisho vyote vya kuigiza vikarudishwa, na kilichobaki nje ni sekunde 15 tu: kuuawa polepole kwa mnyama mdogo kwa kisu. Mauaji mengine ya wanyama yaliachwa kwa hoja kwamba yalikuwa ya haraka.

Watoto ni mstari mwingine wa namna hiyo. A Serbian Film ilikatwa mara 49, dakika 4 na sekunde 11, na sehemu kubwa ni pale watoto na ngono vinapowekwa jirani kwenye uhariri, hata kama mtoto hakuwepo siku ya kurekodi tendo. Tamasha la FrightFest la London liliiondoa kwenye ratiba Agosti 2010 baada ya halmashauri ya Westminster kutaka ipite BBFC kwanza. Rejea alichoeleza Bwana_Vifungu kuhusu leseni. Hapo ndipo nguvu ile ilipotumika. Australia iliipitisha toleo lililokatwa mwaka 2011, kisha bodi ya mapitio ikaifuta ruhusa Septemba mwaka huo huo.

Dada_Riili

Na Marekani je? Huko katiba inalinda.

Kipande_Kilichobaki

Inalinda dhidi ya serikali, dada, tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1952. MPAA, inayotoa madaraja (tangu 2019 inaitwa MPA), ni chombo cha wenye studio, na hakimlazimishi mtu. Kinachobana ni mkataba: studio inamdai mwongozaji alete filamu ya R, kwa kuwa kumbi nyingi hazitaki NC-17, daraja la watu wazima tu, na kabla ya 1990 hazikutaka X. Kwa hiyo anakata mwenyewe, anarudisha, anakata tena.

Ubaya wake ni kwamba vipande vilivyotolewa mara nyingi havikutunzwa. My Bloody Valentine ya 1981 ilipunguzwa sana ipate R, na vipande vikarudishwa mwaka 2009, lakini utaviona: picha inachafuka ghafla, rangi inabadilika, kisha inatulia. Friday the 13th Part VII haikubahatika hata hivyo. Kilichosalia cha matukio yake ni nakala za VHS za kazi, zilizotumika wakati wa uhariri, zenye ukungu.

MezaYaUhariri

Kweli kabisa. Mwenye nakala ya toleo lililorudishwa azime sauti na atazame chembechembe za picha tu. Kila zinapobadilika ukubwa, ndipo mkasi ulipopita, na kwa My Bloody Valentine unaweza kuandika orodha ya mikato iliyorudishwa bila kusoma popote.