Mfereji wa Erie: hela zilitoka wapi, na kwa nini walioiga walizama kwenye madeni?

Mdadisi77
Wakuu, salaam. Mfereji wa Erie ulianza kuchimbwa Rome, New York, 4 Julai 1817, ukafunguliwa wote Oktoba 1825: maili 363 (km 584 hivi) kutoka Albany hadi Buffalo, malango 83 ya kupandishia na kushushia mashua. Mambo mawili yananisumbua. Wasimamizi wake, Benjamin Wright na James Geddes, walikuwa wapima ardhi na mahakimu. Hakuna aliyewahi kujenga kitu cha ukubwa huo. Walijifunzia wapi? Pili, kama Washington ilikataa kuchangia, nani alilipa, na kwa nini majimbo yaliyoiga yalikwama?

Daftari_la_Hazina
Naanza na hela. Mswada wa Calhoun, mbunge wa bunge la shirikisho kule Washington, ulitaka dola milioni 1.5 ambazo Benki ya Pili ya Marekani ililipa ili ipewe hati, pamoja na gawio la hisa za serikali, ziwekwe kwenye barabara na mifereji. Rais Madison alikuwa anaipenda mifereji, na hakuficha. Lakini 3 Machi 1817, akiwa amebakiza siku moja madarakani, aliukataa: katiba haikuwapa wabunge mamlaka hayo, kwa hiyo katiba ibadilishwe kwanza. Wiki sita baadaye, 15 Aprili, bunge la New York likapitisha sheria yake lenyewe ya kujenga mfereji.

Akili ya sheria hiyo iko kwenye mfuko wa mfereji. Jimbo halikukopa kisha likaomba Mungu mfereji ulete faida. Lilitenga mapato mapema: ushuru wa chumvi wa senti 12.5 kwa busheli, ushuru wa minada, bahati nasibu, na kodi ya abiria wa meli za mvuke. Riba ya hatifungani ilitoka humo hata kabla mashua ya kwanza haijalipa tozo. Aliyekopesha hakuhitaji kuamini mfereji, alihitaji kuamini kwamba watu wataendelea kula chumvi na kununua minadani. Iliandikwa pia kodi ya ardhi kwa wenye mashamba ndani ya maili 25 kila upande wa mfereji, lakini haikukusanywa kamwe.

Gharama ya mwisho ilikuwa kama dola milioni 7. Kufikia 1837 tozo zilikuwa zimeshafuta deni la ujenzi wa kwanza.

Chepe_na_Plau
Swali la ufundi lina majibu mazuri kuliko watu wanavyodhani. Walijifunzia kazini, na walichagua kwa makusudi pa kuanzia. Hawakuanzia Albany wala Buffalo. Walianzia Rome, katikati, ambako kuna tambarare ya zaidi ya maili 50 bila lango hata moja na udongo laini. Ukikosea pale, unafukia unachimba upya. Ukikosea kwenye mwamba wa Lockport, upande wa magharibi karibu na Buffalo, umeharibu bajeti ya mwaka. Oktoba 1819 mashua ya kwanza ilishatembea kati ya Rome na Utica, wapinzani wakakosa la kusema.

Vipimo: upana wa juu futi 40, wa chini futi 28, kina futi 4. Piga hesabu: kila upande unarudi nyuma futi 6 kwa kina cha futi 4. Mteremko huo haukuwekwa kwa urembo. Kuta zikiwa wima, mawimbi ya mashua huzila kwa chini mpaka zinaporomoka. Ndiyo sababu mwendo uliwekewa kikomo cha maili 4 kwa saa.

Msitu ulikuwa adui mkubwa kuliko udongo. Mti mkubwa haukukatwa kwa shoka: kebo ilifungwa karibu na kilele, ikavutwa na gurudumu lenye skrubu lililofungwa chini, mtu mmoja akauangusha mti na mizizi yake. Kwa visiki vilivyobaki walijenga mtambo: magurudumu mawili ya kipenyo cha futi 16 kwenye ekseli moja nene, na katikati yake gurudumu la futi 14 lililozungushiwa kamba. Mnyororo unafungwa kwenye kisiki, wanyama wanavuta kamba, na tofauti ya kipenyo kati ya gurudumu na ekseli ndiyo inayozidisha nguvu. Watu saba na jozi ya wanyama waling'oa visiki 30 hadi 40 kwa siku.

Kisha maji hayakai kwenye mtaro wa udongo wa kawaida, yanapenya. Dawa yake ni udongo wa mfinyanzi uliolowekwa na kukandwa kwa tabaka hadi ushikane. Kuta za mawe za malango zilikuwa tatizo jingine, kwa sababu chokaa ya kawaida haigandi ndani ya maji. Canvass White, mhandisi kijana wa mfereji, alikwenda Uingereza 1817, akaikagua mifereji ya huko kwa miguu, akarudi na michoro. Mwaka 1818 karibu na Chittenango likapatikana jiwe la chokaa ambalo, likichomwa, kusagwa na kuchanganywa na mchanga, huganda hata chini ya maji. Bila jiwe lile wangeagiza saruji ng'ambo kwa bei ya kuua. White alipata hataza ya saruji hiyo 1820, na makandarasi wengi wakaitumia bila kumlipa.

Mdadisi77
Asante mkuu. Mapipa ya saruji sikuwa nayafikiria kabisa. Na wafanyakazi? Nasikia wote walikuwa Waayalandi.

Chepe_na_Plau
Hapana. Miaka ya mwanzo walio wengi walikuwa wazaliwa wa Marekani. Kazi iligawanywa vipande vidogo, vingine robo maili tu, ili mkulima mwenye ng'ombe na plau aweze kuomba zabuni. Ubaya wake ni kwamba mkandarasi wa aina hiyo hana mtaji, jimbo likalazimika kumtangulizia hela za vifaa, na bei ikimshinda anatoroka. Waayalandi waliongezeka baadaye, hasa kwenye kazi za baruti huko Lockport, ambako malango matano yamepangwa kama ngazi kwa jozi, upande mmoja wa kupanda na mwingine wa kushuka. Kwenye kinamasi cha Montezuma, kiangazi cha 1819, wapatao elfu moja waliugua homa.

Njia_ya_Mohawk
Msisahau ardhi ilitoka kwa nani. Njia ilipita nchi ya Haudenosaunee (Wairokwoi), muungano wa mataifa ya Wenyeji wa Asili, Waoneida wakiwemo. Sheria ya 1790 ilikataza jimbo kununua ardhi ya Wenyeji wa Asili bila idhini ya serikali ya shirikisho, lakini New York iliendelea kuinunua kwa Waoneida kana kwamba sheria haipo.

Na siasa: DeWitt Clinton, gavana wa zamani wa New York na baba wa mradi, aliondolewa kwenye tume ya mfereji Aprili 1824 na mahasimu wake bungeni. Watu walikasirika hadi wakamrudisha ugavana Novemba mwaka huohuo. Van Buren, kiongozi wa mahasimu hao, aliuunga mkono mfereji 1817, kwa hiyo msimchore kama adui wa mfereji.

Daftari_la_Hazina
Sasa walioiga. Tazameni Pennsylvania. Bonde la Mohawk ndilo pengo pekee la kweli kwenye milima ya Appalachia. New York ilipanda futi 568 tu toka Albany mpaka Ziwa Erie. Pennsylvania ililazimika kuvuka mlima wenyewe, na maji hayapandi mlima: mwaka 1834 walikamilisha mchanganyiko wa mifereji na reli, ikiwemo reli ya mlimani ya maili 36 ambako mashua na mizigo vilivutwa kwa mitambo kwenye sehemu 10 za mwinuko mkali. Kila uhamishaji unakula muda na hela, halafu lango lina kiu: chumba cha futi 90 kwa 15 kinachopandisha futi 10 kinameza futi za ujazo 13,500 kila kinapojazwa, nawe huko juu maji ni haba.

Mbaya zaidi, majimbo mengi yalikopa bila kutenga mapato kwanza, yakitegemea tozo. Anguko la uchumi la 1837 lilipokuja, tozo hazikutosha, na kufikia 1842 Pennsylvania, Maryland, Indiana, Illinois na Michigan zilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoshindwa kulipa riba.

New York nayo haikuwa salama. Mwaka 1836 ilianza kuupanua Erie hadi upana wa futi 70 na kina cha futi 7, na kazi hiyo ilibidi isimamishwe 1842 kwa sheria, jimbo likirudi kutoza kodi ya moja kwa moja ili kulinda deni lake.